Safari ya Ziwani kwa Meli ya Victoria

Mwezi wa Januari mwaka 2024, meli iitwayo Icon of the Seas ilipoanza kazi ya kuwatembeza watalii katika visiwa vya Karibi kutoka bandari ya Miami, Marekani, ofisini kwetu mjini Homa Bay hapakuwa na mazungumzo mengine. Karani mwenzangu alikuwa na picha zake katika simu, nasi tulizitazama saa ya chai. Meli ile ina urefu wa mita 365 hivi na sitaha 20, na ikijaa huchukua abiria wapatao 7,600. Ndani yake mna mabwawa saba ya kuogelea, kana kwamba bahari iliyo nje haitoshi. Mmoja wetu alisema hiyo si meli bali ni mji uliong'oa nanga.

Kisha wakaniuliza kwa mzaha, "Na wewe, mtoto wa ziwani, umewahi kupanda meli?" Nikajibu kwamba nimepanda, tena nimelala ndani yake na kula ndani yake. Wakacheka, wakidhani nasema habari za kivuko cha Mbita. Basi niliwasimulia safari yangu ya Aprili mwaka 2023, na waliposikia mwisho wake hawakucheka tena. Ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza wasomaji leo.

MELI ZA ZAMANI

Sisi wa Migori na Homa Bay tunaliona Ziwa Victoria kila siku, lakini wengi wetu tunalijua kwa samaki wake tu. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni ndogo, kama sita katika kila mia. Kwa hiyo mtu aliyelitazama kutoka Homa Bay ameona ukumbi tu wa nyumba kubwa.

Meli ya kwanza ya moshi kushushwa majini Kisumu iliitwa William Mackinnon, mwaka 1900. Reli ilifika Kisumu mwaka uliofuata, na kwa sababu hiyo sehemu za meli ile zilibebwa na wapagazi kwa miguu. Tangu hapo zilifuata nyingine nyingi, zikichukua pamba, ngozi, kahawa na watu kuzunguka ziwa lote.

Meli iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa Victoria. Iliundwa Glasgow katika nchi ya Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Mombasa, kisha kwa reli hadi Kisumu, ambako mafundi waliiunga tena kama mtu anavyounga mifupa. Ilianza kazi mwaka 1961. Babu yangu aliipanda mwaka uliofuata. Alitoka Homa Bay kwa chombo kidogo hadi Kisumu, akaingia Victoria kwenda Mwanza kutafuta kazi, na mpaka siku ya kufa kwake alisimulia habari ya taa zake. Alisema usiku ule alidhani amepelekwa mbinguni bila kufa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mali yake iligawanywa, na Victoria ikawa ya Tanzania. Ilifanya kazi miaka mingi, ikachakaa, ikasimama mwaka 2014. Baadaye ilifanyiwa matengenezo makubwa, ikawekewa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi majini kwa jina la New Victoria. Kwa hiyo meli niliyoipanda mimi ilikuwa kuukuu kwa mifupa na mpya kwa nyama.

SABABU YA SAFARI YANGU

Wasomaji wasidhani kwamba nilikwenda kutalii. Baba yangu alifariki Januari 2023, tukamzika nyumbani kwetu upande wa Karungu, Migori. Dada yake, ambaye ni shangazi yangu, aliolewa zamani na mvuvi mfanyabiashara wa dagaa huko Bukoba. Tulimpelekea habari ya msiba kwa simu naye akasema anakuja. Hakuja. Tulichelewesha mazishi siku mbili tukimngoja.

Jambo hilo liliwachoma wazee. Walisema huyu ameshiba ndizi za Bukoba akasahau tumbo lililomzaa. Wakaanza kusema kwamba mambo ya boma yakigawanywa asihesabiwe tena. Lakini mimi nilikuwa na neno moja la baba alilonipa akiwa kitandani: "Usikubali dada yangu ahesabiwe mgeni." Basi nilipopata likizo yangu ya mwaka, niliamua kwenda kumwona uso kwa uso na kumwuliza kwa nini.

Tena kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Mume wa shangazi yangu alikuwa ndani ya meli ya Bukoba iliyopinduka tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, ikikaribia Mwanza. Meli ile ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 430. Hesabu ya serikali ya waliokufa ilikuwa 894. Mwili wake haukutambuliwa. Mimi nami, ingawa nimezaliwa penye maji, niliogopa safari hiyo kama mtoto.

KUTOKA MIGORI HADI MWANZA

Niliondoka Migori saa kumi na mbili asubuhi kwa matatu hadi mpakani Isebania, nikaonyesha pasi yangu na kadi ya chanjo, nikavuka kwa miguu hadi Sirari. Nilibadilisha fedha zangu nikapewa bunda nene, maana wakati ule shilingi moja ya Kenya ilipata zaidi ya shilingi kumi na tano za Tanzania. Kwa dakika chache nilijiona tajiri, mpaka niliponunua chai.

Basi lilipita Tarime, nchi ya migomba na mahindi inayofanana na kwetu, likavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, likapita Bunda na Lamadi. Hapo Lamadi barabara inapakana na mbuga ya Serengeti upande mmoja na ziwa liko karibu upande wa pili. Nilistaajabu kuona pundamilia wakila majani bila habari na basi letu, na hatua chache mbele mama anapalilia mtama wake. Jioni tulifika Mwanza, mji wa mawe makubwa yaliyopandana juu ya vilima, na nyumba zimejengwa juu ya mawe hayo.

Siku ya pili nilikwenda upande wa Mwanza Kusini kutazama meli nyingine mpya waliyokuwa wakiiunda pale. Ilikuwa imeshushwa majini Februari mwaka ule ule, na mafundi walikuwa bado wakiimalizia. Urefu wake ni mita 92.6, upana mita 17, nayo imeundwa ichukue abiria 1,200, mizigo tani 400, magari madogo 20 na malori matatu. Mbele ya ile ya Karibi ni kama mtumbwi tu. Lakini niliwaona watu wazima wamesimama kando ya uzio wakiitazama kimya, nikaelewa. Ile ya Karibi ni ya watu waliochoka kupumzika. Hii ni ya mtu mwenye magunia.

NDANI YA VICTORIA

Usiku huo niliingia Victoria katika bandari ya Mwanza Kaskazini. Nilikuwa nimenunua tikiti ya kitanda katika daraja la pili, nami nilifanya kazi ya ukarani hata pale, kwa maana niliandika katika daftari kila nilichokiona.

Kwanza, nilipokata tikiti waliandika jina langu na namba ya pasi yangu. Pili, pale langoni alisimama mtu mwenye orodha, akilinganisha tikiti na uso wa mtu. Kijana mmoja aliyekuja bila tikiti akitaka kulipa ndani alirudishwa, ingawa alisihi sana na kutaja majina ya wakubwa. Tatu, mizigo ilishushwa chini tumboni mwa meli kwa winchi, haikurundikwa sitahani. Nne, katika chumba chetu cha vitanda palikuwa na jaketi okozi, yaani lile koti la kuelea, kwa kila mtu, na karatasi ukutani inayoonyesha namna ya kulivaa. Nilihesabu vitanda, nikahesabu majaketi. Yalitosha.

Kama saa tatu ya usiku honi ililia. Kamba zikafunguliwa, na taa za Mwanza zikaanza kurudi nyuma polepole, bila mtikiso, hata nilidhani mji ndio unaoondoka. Nilipanda sitaha ya juu. Hapo palikuwa na watu wa kila namna: wanafunzi wanaorudi shule, mama wenye ndoo za plastiki zilizopangwa kama mnara, mzee wa Kihaya aliyevaa koti zito na kofia, askari mmoja na mkewe. Katika chumba cha kulia tulipata wali, samaki na chai ya rangi. Mzee yule aliniuliza nakwenda kwa nani Bukoba. Nilipomweleza, alitikisa kichwa akasema, "Huku kwetu, mwaka ule kila mtaa ulikuwa na msiba. Mwambie shangazi yako tunamjua hata kama hatujui jina lake."

Usiku wa manane upepo uliongezeka na meli ikaanza kupanda na kushuka. Sikulala. Nilishika ukingo wa kitanda nikasikiliza injini. Nilijiambia kwamba muda wote zinaponguruma mambo ni salama. Kulipopambazuka tulitia nanga Kemondo kushusha watu na mizigo, na baada ya muda tukakiona kisiwa cha Musira, na nyuma yake Bukoba iliyofunikwa na migomba ya kijani.

MASWALI YA SHANGAZI

Nilimkuta shangazi yangu mlangoni mwa nyumba yake, ameegemea fimbo. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya wazee. Lakini yeye alinitangulia. Alinitazama usoni akasema, "Mwanangu, una macho ya kaka yangu," akaanza kulia. Maneno yangu yote yakapotea.

Tulipokwisha kula alinieleza. Alikuwa amevunjika nyonga mwaka 2021, na daktari alimkataza safari ndefu ya basi. Tena wakati ule njia fupi ya barabara kutoka Bukoba hadi Mwanza ilikuwa ina kivuko cha Busisi, na ile isiyo na maji ilizunguka mbali sana kupitia Kahama. Alipopata habari ya msiba alifunga mizigo, akaajiri gari, akafika bandarini na tikiti mkononi. "Niliiona meli," alisema. "Nilimwona na mume wangu akipanda ngazi ile, amebeba begi lake la kijani, akigeuka kunipungia mkono. Miguu ilikataa. Nilikaa pale mpaka meli ikaondoka. Ningewaambia nini kwenu? Kwamba kaka yangu amekufa nami nimeogopa maji?"

Sikuwa na jibu. Ndipo akaanza kuniuliza maswali, moja baada ya jingine, kama hakimu.

"Walikuhesabu?"

"Walinihesabu, Shangazi, wakaandika jina langu."

"Ilipotoka ililala upande?"

"Haikulala."

"Mizigo waliiweka wapi?"

"Chini kabisa."

"Kuna waliokuja bila tikiti wakaingia?"

"Kuna mmoja alijaribu, alirudishwa."

"Ulilala?"

Hapo nilinyamaza kidogo, kisha nikasema kweli. "Sikulala, Shangazi. Niliogopa usiku kucha."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Ungesema umelala nisingeamini hayo mengine," akasema. Baada ya siku tatu alinituma nikate tikiti mbili.

KURUDI

Tuliporudi meli ilikuwa imejaa ndizi. Mikungu ilishushwa chini, mmoja mmoja, na shangazi alisimama kuhakikisha kwa macho yake. Alipofika kwenye ngazi alisimama. Watu nyuma yetu walingoja, wala hakuna aliyesukuma. Baharia mmoja kijana, ambaye nadhani mwaka 1996 alikuwa bado hajazaliwa, alishuka akampa mkono akisema, "Karibu, Bibi, taratibu." Akapanda.

Hakutaka kitanda. Alikaa juu ya benchi sitahani usiku wote, jaketi okozi mapajani kama anayepakata mtoto, nami nilikaa kando yake. Kulipokucha tukaona vilima vya Mwanza. Alisimama akashika chuma cha ukingoni, akatazama maji, akataja jina la mumewe mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akakaa, akaniomba chai.

Kutoka Mwanza niliajiri gari, tukaenda polepole ili asiumie. Nje kidogo ya mji, katika barabara ya Musoma, tulisimama Igoma, mahali walipozikwa wengi wa wale waliokufa katika meli ya Bukoba. Shangazi alipita kati ya makaburi na fimbo yake. Hakujua ni lipi, kwa hiyo alisimama kwa kila moja kidogo. Tulilala Musoma, na siku ya pili tukafika nyumbani. Wazee waliokuwa na maneno makali walimwona akishuka garini kwa shida, akienda moja kwa moja kwenye kaburi la kaka yake kabla ya kuomba hata maji. Hakuna aliyetaja tena habari ya kuhesabu.

MAMBO NILIYOJIFUNZA

Napenda kumaliza kwa maneno machache kwa wakulima na makarani wenzangu wa pwani hii ya ziwa.

La kwanza ni juu yangu mwenyewe. Kabla ya safari hii, mara nyingi nilivuka kwenda visiwani kwa kazi katika mashua za mbao zilizojaa kupita kiasi, bila koti la kuelea, nami ni mtumishi wa serikali ninayepaswa kuwa mfano. Niliona aibu kuvaa, nikidhani wavuvi watanicheka. Sasa sipandi bila kuvaa, na mwenye mashua akisema hana, nashuka. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha Nyerere kilichoruhusiwa abiria 101 kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Walikuwa wamebakiza hatua chache kufika. Maji hayajali kwamba umekaribia.

La pili ni hili: kuhesabiwa si usumbufu. Wengi wetu hununa tukiulizwa jina na kitambulisho langoni. Mwanamke mmoja alimaliza miaka 27 asijue kaburi la mumewe, na orodha iliyo sawa ingaliweza kumpa angalau hakika. Karani anayeandika majina bandarini anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

La tatu ni ombi. Babu yangu alianza safari yake ya 1962 hapa hapa Homa Bay. Leo gati lipo na mkulima yupo, lakini katika miaka yangu yote ya kazi sijaona meli kubwa ya abiria ikifunga kamba pale. Kisumu kumeanza kuchangamka tena tangu meli ya mizigo ya Uhuru iliporudi kazini mwaka 2019 kupeleka mafuta Uganda. Huko Tanzania daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na njia ile aliyoiogopa shangazi haina kivuko tena. Sisi nasi tusichoke kuwauliza viongozi wetu wa kaunti zote mbili: mihogo, njugu na omena wetu watasafiri na malori peke yake mpaka lini, na ziwa liko mlangoni?

Shangazi alikaa nasi mwezi mzima. Siku ya kuondoka nilimwuliza kama nimsindikize mpaka Bukoba. Alinijibu kwamba nimfikishe Mwanza tu, pale langoni penye orodha. Mengine atayaweza mwenyewe. Nami nilisimama bandarini mpaka honi ikalia, nikamwona juu sitahani, ameshika ukingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananipungia.